Maji Yanayozoleka

Huanzia jikoni kwa watu, na chooni,
na kwenye beseni ambamo bibi Leida huoshea kabichi,
hushuka chini ya Barabara ya Kanisa, gizani,
hayana jina tena, hayana mwenyewe,
mpaka yatufikie sisi, mwisho wa mji wa Vanaoja,
penye uzio, mabwawa manne ya zege
na kibanda chenye birika la kahawa.

Waliosema maji yakimwagika hayazoleki
hawakupata kushika zamu na Urve.
Ameyazoa miaka ishirini na sita.
Kwanza chujio: matambara, nywele,
pamba za masikio, askari wa plastiki asiye na mkono,
na siku moja meno ya bandia, safu ya juu.
Aliyaosha, akayaweka dirishani.
Wiki tatu. Hakuja mtu.
Nani angesimama mlangoni kwetu aseme, ni yangu?

Anaujua mji huu; hata mchungaji haujui hivyo.
Jumamosi jioni, watu wakitoka kwenye bafu za mvuke,
mita hupanda kabla hawajavaa soksi.
Kiwanda cha jibini kikimwaga usiku kwa kuiba,
yeye huona weupe alfajiri.
"Wanadhani nimelala," husema,
na kuandika.

Katika bwawa la pili wamo ng'ombe wake.
Ndivyo awaitavyo wale vijidudu wasioonekana
wanaokula uchafu wetu na kupumua hewa ya pampu.
Mwaka nilipoanza kazi, mtu alimimina dawa ya kubandulia rangi,
wakafa wote. Povu likawa jeusi.
Urve alikaa siku mbili bila neno, kama mfiwa,
ya tatu akachukua lori la tangi, akaenda mji wa jirani
kuomba tope lililo hai,
kama mtu aendaye kuomba kaa la moto.
Akarudi nalo taratibu, kwenye kila kona akikanyaga breki
kama aliyebeba maziwa.

Januari mto huganda wote
isipokuwa pale bomba letu linapotokea.
Hapo pana mvuke, na bata sabini na kitu,
wanaoga katika kilichokuwa sisi.

Lakini nilitaka kusimulia Aprili.
Theluji iliyeyuka kwa usiku mmoja, mvua juu yake,
na maji yakaja mara tatu ya kiasi,
yakaingia kwa kila ufa wa mabomba ya zamani.
Pampu ya pili ikakohoa, ikanyamaza.
Urve aliniambia nisome mita.
Nikasoma.
Soma tena.
Nikashika gurudumu la lango la dharura. Akasema, "Niachie."
Akalizungusha mwenyewe, kofia imemdondoka,
na uchafu wa mji mzima ukapita kando yetu
ukaenda mtoni kama ulivyo.

Kitabuni: *Saa tisa na dakika kumi usiku, lango limefunguliwa.
Saa kumi na moja na dakika hamsini, limefungwa. U. Kangro.*
Kalamu aliiweka sambamba na kitabu,
kisha akaisogeza, kisha akairudisha.

Kulipopambazuka alitembea kwa miguu ukingoni.
Nilimfuata, sikuwa nimeitwa.
Nyumba ya kwanza mkondoni ni ya kaka yake, Heino,
na gati dogo ambapo watoto hujitupa majini
wakitoka kwenye mvuke, hata maji yakiwa barafu.
"Msiingie mtoni wiki hii," alisema.
"Kwa nini?"
"Kwa sababu yangu."

Heino alitazama mabuti ya dada yake.
Alisema pampu ni ya serikali, mvua ni ya Mungu.
Urve hakujibu. Alihesabu viatu vya watoto vilivyopangwa kibarazani,
jozi nne, na moja isiyo na mwenzake.

Tulirudi. Bata walikuwa palepale.
Alikunywa kahawa iliyolala, akakisuuza kikombe,
na nikayasikia yale maji machache
yakishuka nyuma ya ukuta,
yakienda kupanga foleni.